Mtu Majini: Tua Tanga au Geuza Chombo?

Chombo kinachokwenda maili 6 za baharini kwa saa hukata mita 3 kila sekunde. Jahazi la Lamu likipata kusi zuri huufikia mwendo huo bila taabu, na ngalawa inayorudi Nungwi na samaki wake pia huufikia. Siku mtu akianguka, hesabu hiyo inageuka kuwa ya kutisha. Sekunde kumi za mshangao ni mita 30. Dakika moja ya kuulizana nani kaanguka na kaangukia upande gani ni mita 185. Bahari ikiwa na mawimbi ya mita moja na nusu, kichwa cha mtu kwa umbali huo ni kama nazi inayoelea: unakiona, wimbi linakificha, ukitazama tena hukijui tena kilipo.

Kwa hiyo nauliza: mtu akianguka kutoka kwenye chombo cha tanga, amri ya kwanza iwe ipi? Tua tanga, au geuza chombo umfuate? Nimelipeleka swali hili mbele ya sauti nne. Sikuzipa majina, maana kila moja imebeba hoja za watu wengi. Yupo Nahodha, mzee wa majahazi ya mizigo. Yupo Mwalimu, kijana aliyesomea ubaharia Dar es Salaam na sasa anafundisha kwenye mashua za kisasa. Yupo Mvuvi wa ngalawa, na yupo Muuguzi wa zahanati ya kisiwani, ambaye kila akienda mjini kuchukua dawa hupanda mashua pamoja na wagonjwa wake. Mimi nitaingia kati pale ninapoona lazima. Msimamo wangu nautaja mapema: chombo kisiondoke alipoangukia mtu. Jinsi ya kukizuia kisiondoke ndiyo kazi ya mjadala.

MWALIMU: Shikamoo, Nahodha. Niruhusu nianze, maana nakuja na upande wangu tayari. Nasema tanga litue papo hapo. Tuseme tumetoka Tanga tunaelekea Mombasa, kusi liko tezi, nyuma yetu, tunakwenda vizuri. Mtu anaanguka. Alipo sasa ni kule upepo unakotoka. Tanga letu la pembe tatu halipandi upepo sana. Itabidi tubishe huku na huku, na kila tunapobisha tunapoteza sehemu ya tulichokipata. Dakika tatu za kuendelea kabla ya kugeuka ni zaidi ya nusu kilomita. Kuirudia nusu kilomita hiyo kwa kubisha kutatumaliza muda, na asiye na kitu cha kushika hana muda huo.

NAHODHA: Marahaba, mwanangu. Umesema kweli kuhusu kubisha. Lakini foromali, mti unaobeba tanga, umewahi kuibeba? Ya jahazi ni mti mzito, mara nyingi miti miwili iliyoungwa, na urefu wake unakaribiana na urefu wa chombo chenyewe. Hupandishwa na watu wengi wakivuta jarari, kamba ya kuipandishia, kwa pamoja. Ukipiga kelele "tua!" huku kila mtu amepagawa na abiria wamesimama, foromali itashuka juu ya vichwa vyao. Ulikuwa na mmoja majini; sasa una mmoja majini na wengine wamevunjika mabega. Tanga limewafunika, huoni mbele wala nyuma. Na chombo kimekufa, usukani haushiki, upepo unakisukuma. Kinakwenda wapi? Mbali naye. Mtu mwili wake umo ndani ya maji, upepo haumpati. Chombo upepo unakipata chote.

MVUVI: Babu, kwetu sisi haiko hivyo. Tanga la ngalawa nalitua peke yangu, na kafi ziko miguuni. Nikitua, nageuza kwa kafi, namrudia. Nikijaribu kubisha kwanza nimekwisha, maana ngalawa ni nyepesi, ikishapata upepo haisubiri mtu.

MWALIMU: Basi Mvuvi yuko upande wangu.

NAHODHA: Yuko upande wa chombo chake. Kila chombo na amri yake.

Hapa namuunga mkono Nahodha, na naona umuhimu wa kulisema jambo hili kwa sauti. Maelekezo mengi ya kuokoa mtu aliyeanguka yameandikwa na watu wanaotumia mashua zenye tanga linaloning'inia nyuma ya mlingoti, linalopita kutoka upande mmoja hadi mwingine lenyewe. Chombo chetu hakijajengwa hivyo. Ili kugeuka ukiwa na foromali kubwa, kwa kawaida jahazi huzungusha tezi kwenye upepo, na mabaharia huhamisha foromali na demani (kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga) kupita mbele ya mlingoti. Hiyo ni kazi ya kupangwa, na huishia chombo kikiwa mbali zaidi chini ya upepo. Anayemwambia nahodha wetu "geuka haraka" hajamwambia kitu kinachofanyika. Lakini kutua nako kuna hatari zake, kama tulivyosikia. Nikamuuliza Nahodha yeye hufanyaje.

NAHODHA: Demani kwanza. Demani ndiyo inayolifanya tanga lishike upepo. Iachie, tanga litapeperuka, nguvu zitakatika, mwendo utapungua, na hakuna mtu aliyepigwa na mti. Wakati huohuo aliyeshika kana, mpini wa usukani, anapandisha omo, mbele ya chombo, upande wa upepo, taratibu, mpaka tanga lianze kupigapiga. Hapo anazuia. Asipitilize, kwa sababu upepo ukiingia mbele ya tanga utalibandika kwenye mlingoti, na mlingoti unaweza kukatika. Chombo sasa kimesimama au kinatambaa. Watu wametulia, abiria wameketi. Ndipo foromali ishuke kwa utaratibu, kwa jarari, mikono ikiwa tayari kuipokea.

MWALIMU: Hapo umenishika, mzee wangu. Kwenye mashua za kisasa nasi twafundisha kitu cha jamaa hiyo: omo kwenye upepo mara moja, tanga lipigepige litakavyo, usiende mbali. Zamani wengi walifundishwa kwanza kwenda umbali fulani ili warudi kwa ustadi mtu akiwa sawasawa mbele yao. Inapendeza kuitazama kwenye zoezi. Usiku, kwenye mawimbi, ule umbali ndio unaompoteza mtu. Ila nina swali. Demani imefungwa vipi, na nani ataifungua gizani?

NAHODHA: Baharia wa demani yupo.

MWALIMU: Na kama aliyeanguka ndiye baharia wa demani?

Nahodha hakujibu upesi. Mvuvi ndiye aliyejibu, na jibu lake lilikuwa la mtu anayejua hofu hiyo kwa karibu.

MVUVI: Mimi mara nyingi niko peke yangu. Mkono mmoja kwenye kana, mwingine kwenye demani, na ukichoka unafunga demani kwenye mti ili upumzike. Hapo ndipo kifo kilipo. Nikiteleza demani ikiwa imefungwa, ngalawa itakwenda mpaka ikutane na mwamba, nami nitabaki naitazama. Wengine huburuta kamba nyuma ya tezi wakitumaini kuidaka.

MWALIMU: Kamba ya mita 20 kwa mwendo tuliousema inapita mbele yako kwa chini ya sekunde saba. Na ukiidaka, maji yanauvuta mwili kwa nguvu kiasi kwamba hutaweza kujivuta kuelekea chomboni, mikono itachoka kwanza. Kamba hiyo isifungwe kwenye tezi. Ifungwe kwenye ncha ya fundo la kukwanyua linaloshika demani, na mwishoni iwe na dumu dogo. Ukiidaka, uzito wako unalikwanyua fundo, demani inafunguka, ngalawa inapoteza upepo na kusimama. Hiyo kamba inakusimamishia chombo, halafu ndiyo unaogelea.

MVUVI: Hilo nitalijaribu kesho.

MUUGUZI: Ndugu zangu, mmesema tanga, foromali, demani. Mtu aliyemo majini hamjamgusa bado. Mimi ndiye ninayeletewa mwisho wa safari, akiwa hai au maiti, niruhusuni niseme. Anayezama hapigi kelele. Mdomo wake uko juu ya maji kwa muda mfupi tu, hana pumzi ya kuita. Anasukuma maji kwa mikono kwenda chini, hawezi hata kupunga. Asiyejua kuogelea anaweza kuzama kabla dakika haijaisha. Kwa hiyo kabla hamjagusa demani wala kana, mtu aliye karibu zaidi na alipoangukia mwenzake atupe kitu kinachoelea. Kila chombo cha pwani hii kina madumu. Dumu tupu la lita 20 likiwa na kifuniko linabeba kilo 20 hivi kabla halijazama, na mtu majini anahitaji kilo chache tu ili kichwa kibaki juu. Hata dumu la lita 5 litamshikilia. Lakini nimeona madumu yasiyo na vifuniko, nimeona madumu yamefungiwa chini ya magunia ya unga. Na jaketi okozi ziko kwenye mfuko, mfuko uko omo, umefungwa kwa fundo, juu yake wamekaa watu.

NAHODHA: Jaketi abiria hawapendi kuzivaa, mama. Zina joto na zinanuka.

MUUGUZI: Zifuliwe basi. Na mtoto avalishwe inayomtosha, maana akivaa ya mtu mzima itampanda usoni na yeye atachopoka chini yake. Halafu kuna jambo la wanawake wenzangu ambalo husemwa vibaya. Watu husema baibui humvuta mwanamke chini. Nguo iliyolowa haina uzito wa kutisha ikiwa ndani ya maji; hewa iliyonaswa humo mwanzoni inaweza hata kumsaidia. Inamzuia kupiga miguu, hilo kweli. Uzito wake unaujua wewe unayemvuta kutoka majini, wakati maji yote yaliyomo nguoni yanapotoka naye. Kwa hiyo asipoteze pumzi kujivua nguo. Alale chali, ashike dumu, angoje. Na wasichana wafundishwe kuelea. Pale Nungwi, Mradi wa Panje umewafundisha kuogelea wasichana wakiwa wamevaa mavazi ya heshima yanayofunika mwili. Mbona visiwa vingine vyote visifanye?

Sina la kuongeza juu ya hilo, isipokuwa kusema kwamba naliunga mkono kwa moyo wote. Watu waliozaliwa hatua chache kutoka majini wanazama kwa sababu hakuna aliyewaonyesha jinsi ya kulala chali juu ya maji, wakiwemo wanawake na watoto. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2023 watu 300,000 hivi walikufa maji duniani kote. Kila tunapojadili tanga tuwakumbuke hao.

Tukarudi kwenye chombo. Nahodha aliongeza jambo ambalo Mwalimu hakuwa nalo kwenye orodha yake.

NAHODHA: Sauti ikipigwa "mtu majini!", abiria wote wanakimbilia upande ule kutazama. Chombo kinalala. Maji yakiingia juu ya ubavu mnakwenda wote. Kwa hiyo baharia mmoja kazi yake iwe kuwaketisha watu. "Kaeni! Kaeni chini!" Kwa ukali, hata kwa mkubwa wake.

MWALIMU: Na mwingine kazi yake iwe kunyoosha mkono. Amtazame aliyeanguka, amwelekezee kidole, asigeuze macho hata akiitwa na mama yake. Asishike kamba, asisaidie chochote. Chombo kikizunguka naye azunguke. Bila mtu huyo, mkishamaliza kusimamisha chombo mtakuwa mnatazama bahari tupu.

MVUVI: Simu siku hizi ina ramani. Unabonyeza, inashika pale pale alipoangukia.

MWALIMU: Inashika mahali kwenye ramani, ndugu yangu. Maji hayakai pale. Mkondo katika sehemu kubwa ya pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima, na kusi likikaza unaweza kwenda maili 2 hadi 4 za baharini kwa saa. Chukua hata 2. Kwa nusu saa, mtu uliyemwekea alama amesogea maili nzima ya baharini, mita 1,852, na wewe unamtafuta kwenye alama.

NAHODHA: Ndiyo maana tunatupa dumu! Dumu na mtu wamo katika maji yaleyale, yanawachukua pamoja.

MWALIMU: Lakini tupu kabisa linashikwa na upepo, Nahodha. Litampita. La kumpa ashike liwe tupu. La kutuonyesha maji yanakwenda wapi litiwe maji zaidi ya nusu lielee chini, na lifungwe kitambaa chekundu kwenye kijiti. Usiku lifungwe tochi isiyoingia maji. Alama ya simu niwekee pia, tutaihitaji tukiwaita wa nje kwa redio, chaneli ya 16, au kituo cha uokoaji cha Dar es Salaam au Mombasa. Tuwaambie alama na saa, wao wajue kuhesabu mkondo.

Mjadala ulichukua moto tulipofika kwenye swali la upande wa kumfikia. Nahodha alishikilia kwamba aliyeanguka awe upande wa demani, yaani chini ya upepo, ili ubavu wa chombo umkinge na mawimbi na chombo kimteremkie chenyewe. Mwalimu alimkatalia. Ubavu wa jahazi ukipanda na kushuka kwenye wimbi ni mzito wa kumponda mtu, na upande wa demani ndiko tanga na kamba zake zinakopigapiga. Alitaka mtu abaki goshini, upande wa upepo, ambako chombo hakiwezi kumpanda. Nahodha akajibu kwamba goshini ubavu umeinuka, mawimbi yanampiga usoni, na kila ukikaribia upepo unakusukuma umwache tena. Mvuvi naye akasema ngalawa ina mirengu pande zote mbili, hivyo ukimjia vibaya mrengu humpiga kichwani. Yeye hutua tanga, hushuka chini ya upepo, kisha hupiga kafi kumwendea akitanguliza omo, na kumwacha ashike mrengu mwenyewe.

Nilisikiliza nikaona kwamba kwa jahazi wote wawili wanauliza swali ambalo halina haja ya kuulizwa. Jahazi kubwa lisimwendee mtu kabisa. Mengi huburuta mtumbwi au hori nyuma. Chombo kikishasimama, mtumbwi ufungwe kamba ndefu, washuke mabaharia wawili na kafi, wapige kafi hadi kwake huku kamba ikiachiwa. Wakimpata, walioko jahazini wavute. Hakuna ubavu wa kumponda, na mtumbwi haupotei. Nahodha aliafiki, ila kwa sharti kwamba mtumbwi uwe na maji yaliyokwisha kufutwa na kafi zimo ndani. Mtumbwi uliojaa maji nyuma ya tezi, alisema, ni mzigo tu.

MWALIMU: Na mashine je? Vyombo vingi sasa vina mashine.

NAHODHA: Mashine ni baraka ukiwa mbali naye, ni kisu ukiwa karibu. Mita kumi kabla ya kumfikia, izimwe. Na kabla ya kuiwasha angalia kamba zilizoanguka majini. Rafadha ikizisokota, hapo huna mashine wala tanga.

MVUVI: Kuna vijana huwa wanaruka majini kumfuata. Kwetu asiyeruka huonekana mwoga.

MUUGUZI: Nimewafunika wawili kwa shuka moja kwa sababu ya uhodari huo. Anayezama hukushika shingo akupande. Anayeshuka ashuke na kamba kifuani, ncha yake ishikwe na mwenzake chomboni, na awe na dumu la kumtangulizia. Bila hivyo abaki.

Kisha ikaja sehemu ambayo naamini ndiyo ngumu kuliko zote, na ambayo mazoezi mengi huiruka: kumtoa mtu majini. Umemfikia, umemshika mkono, anakutazama. Ubavu wa jahazi uko juu ya kichwa chake. Amechoka hawezi kupanda. Wanaume wawili wanamvuta mabegani, anapanda hadi kiunoni, wimbi linashuka, mikono yenye maji inateleza. Watu hufa hapo, wakiwa wameshikwa.

Kwenye jambo hili chombo cha jadi kina kitu ambacho mashua nyingi za starehe zingekitamani. Jahazi limejengwa kuinua vitu vizito. Foromali ikishalazwa, jarari na gofia (kapi) zake ziko huru. Kamba iliyonyanyua foromali itamnyanyua mtu yeyote. Mwalimu alieleza namna nyingine kwa asiye na gofia ya kutosha: ukingo mmoja wa tanga dogo, au wa wavu imara, ufungwe ubavuni, mwingine ushushwe majini kama mfuko, mtu aingizwe humo akiwa amelala sambamba na chombo, halafu wa juu wavute ule ukingo wa nje. Mtu anabingirika kupanda, na uzito wanaouvuta ni nusu ya uzito wake.

MUUGUZI: Na hapo apandishwe amelala, msimvute wima kama mna njia. Aliyekaa majini muda mrefu, maji yalikuwa yanaibana miguu na tumbo lake pande zote. Ukimtoa wima ghafla, damu inashuka miguuni, moyo unakosa cha kusukuma, anazimia mbele yenu baada ya kuwa amewapa mkono. Msiseme bahari yetu ni ya joto. Ina nyuzijoto 25 hadi 30 hivi, mwili una 37. Akikaa saa nyingi anapoa. Ila joto hilo ndilo pia linalonifanya niwaombe msikate tamaa mapema. Aliyeshika dumu anaweza kuwa hai saa nyingi baadaye, hata kesho yake. Endeleeni kutafuta.

NAHODHA: Akiwa hapumui?

MUUGUZI: Msimning'inize kichwa chini, msimkanyage tumbo ili atapike maji. Mnapoteza muda, na kilichomo tumboni kitaingia mapafuni. Mlazeni chali, inua kidevu, ziba pua, mpe pumzi tano mdomo kwa mdomo, kifua kiinuke. Aliyezama anakufa kwa kukosa hewa, kwa hiyo hewa ndiyo ianze. Asipoitikia, kandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi mbili, tena 30. Badilishaneni mkichoka. Na akiamka akacheka nanyi, bado mleteni zahanati. Maji yaliyoingia mapafuni huweza kumbana baada ya saa kadhaa.

Mwalimu alikuwa bado na swali lake la mwanzo, lile la baharia wa demani. Alilirudia kwa mfano wa mtu mkubwa. Éric Tabarly, Mfaransa aliyeshinda mwaka 1964 na tena 1976 mashindano ya kuvuka Atlantiki kila mtu peke yake chomboni, alikuwa na umri wa miaka 66 alipoanguka usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni 1998, katika bahari iliyo kati ya Wales na Ireland. Alikuwa kwenye Pen Duick, chombo cha familia yake kilichojengwa mwaka 1898. Wakati wakishughulika na tanga kubwa, boriti inayobeba sehemu yake ya juu ilimpiga ikamtupa majini. Hakuwa na jaketi wala kamba kiunoni. Waliobaki walimtafuta gizani wasimpate. Mwili wake ulikutwa na wavuvi zaidi ya mwezi mmoja baadaye.

MWALIMU: Aliyejua chombo kile kuliko wote ndiye aliyekuwa majini. Nahodha, ukianguka wewe, nani atatoa amri?

NAHODHA: Nimefikiri hilo tangu uliposema demani. Kwa kweli katika majahazi yetu nahodha hujua, wengine hufuata. Usiku watu wanalala, mshika kana yuko peke yake, na choo kiko nje ya tezi. Mimi naenda huko kama wengine.

MWALIMU: Basi ujifunge kamba.

NAHODHA: Kamba hapana. Chombo kikipinduka, aliyefungwa anabaki chini yake.

MWALIMU: Fundo la kukwanyua, kisu kiunoni. Na ukienda tezi usiku, umwamshe mtu.

NAHODHA: Kumwamsha mtu nakubali. Nitaliweka kuwa sharti kwa wote, na mimi nikiwemo. Kamba nitaifikiria kwa usiku na kwa aliye tezini. Kwenye ngalawa, au mchana kwenye mashindano ambako vijana wamekaa nje juu ya ubao, usinitake niwafunge.

Hapo hawakupatana, na sikujaribu kuwapatanisha. Hofu ya Nahodha ina msingi: vyombo vyetu vidogo hupinduka, na aliyefungwa huhitaji sekunde ambazo huenda hana. Hofu ya Mwalimu nayo ina msingi. Machi 2018, katika bahari ya kusini ya dunia, njiani kuelekea Cape Horn, baharia John Fisher alitupwa majini na kamba za tanga chombo kilipogeuka ghafla, muda mfupi baada ya kujifungua kamba yake ili asogee mahali pengine kufanya kazi. Wenzake walirudi wakatafuta kwa saa nyingi katika upepo mkali, wakamkosa. Kwa upande wangu, mtu anayetoka peke yake usiku kwenda tezini afungwe, na anayepanda foromalini usiku afungwe. Mchana, chombo kikiwa kidogo, namwachia nahodha, mradi kila aliyemo amevaa jaketi.

MVUVI: Sasa haya yote nani atayakumbuka siku hiyo?

MWALIMU: Hayakumbukwi, yanazoewa. Chukueni gunia la kilo 50 za mchanga, mlifunge madumu mawili matupu ya lita 20, litaelea kwa shida kama mtu aliyechoka. Mlitupe bila kutoa taarifa. Na siku hiyo Nahodha akae chini, ahesabiwe kuwa ndiye aliyeanguka, asitamke neno.

NAHODHA: Nitakaa. Lakini lisifanyike siku ya maji yaliyolala. Lifanyike kusi likiwa limeanza, na mara ya pili lifanyike usiku.

MUUGUZI: Na gunia mlipandishe mpaka ndani, kwa gofia au kwa tanga. Mkiligusa tu kwa kafi na kushangilia, sitahesabu. Mkiwa tayari nitumieni habari, nitakuja na wasichana wangu wawili wa zahanati waone jinsi anavyopokewa.

MVUVI: Ngalawa yangu nitaileta pia. Tufunge ile kamba kwenye demani tuone kama kweli inasimama.